Kampala, Nairobi au Dar: mtoto avuke mpaka kwa ajili ya chuo?

Mtoa mada

Wakuu, matokeo ya kidato cha sita yakitoka tu, swali huwa lile lile: mtoto abaki hapa Tanzania, au aende Uganda au Kenya? Wengi wanapima kwa ada. Mimi hesabu hiyo imenichosha, na msimamo wangu nauweka wazi mapema: akitaka udaktari, sheria au uhandisi, asomee nchi atakayofanyia kazi. Akitaka biashara, kompyuta au takwimu, avuke, na Kampala iwe ya kwanza kufikiriwa.

Zamani swali hili halikuwa na uzito. Kuanzia 1963 hadi 1970, Makerere, Nairobi na Dar es Salaam vilikuwa chuo kikuu kimoja cha Afrika Mashariki, na mwanzoni kazi ziligawanywa: udaktari Makerere, uhandisi na tiba ya mifugo Nairobi, sheria Dar. Mwaka 1970 kikavunjwa. Kila nchi ikabaki na chuo chake na, hapa ndipo penye shida, bodi zake za kusajili wanataaluma.

Daktari aliyesomea nje akirudi Tanzania, anakutana na mtihani wa Baraza la Madaktari kabla ya kuanza utarajali. Na sheria ndiyo usiseme. Mpwa wangu alirudi na shahada ya sheria kutoka Uganda. Ardhi ya mailo ya Buganda, ile ambayo mtu huimiliki moja kwa moja, anaijua kama Baba Yetu. Hapa kwetu ardhi yote ni ya umma na Rais ni mdhamini wake, kwa hiyo yale ya mailo yanamsaidia kwenye maongezi tu.

Nawasilisha. Mnipinge.

Mkenya wa Eldoret

Ndugu, nakupinga kidogo. Unasema Kampala kana kwamba watu wanaipenda tu. Sisi Wakenya tulijaa kule kwa sababu ya milango. Makerere ilianza kupokea wanafunzi wa kujilipia 1992, Nairobi ikafuata na masomo sambamba, nayo ya kujilipia, 1998. Katikati hapo, aliyekosa nafasi ya serikali alikuwa na basi la Busia, mpakani na Uganda, tu.

Siku hizi mambo yamegeuka. Usimamizi wa KCSE, mtihani wetu wa kumaliza sekondari, ulipokazwa 2016, waliopata C+ na kuendelea, alama ya kuingilia chuo kikuu, hawakufika 90,000, na nafasi zikawatosha hadi vyuo binafsi vikapewa wanafunzi wa serikali. Anayevuka leo amechagua mwenyewe, au hana C+. Na huyo wa pili asidanganywe na ada nafuu. Hana kidato cha sita, kwa hiyo mara nyingi huambiwa apitie kwanza cheti cha maandalizi. Huo ni mwaka mzima wa kula na kulipa kodi ya chumba ambao hamuuhesabu.

Tena Nairobi umeipita haraka. Mtu wa kompyuta anahitaji pa kujifunzia kazi akiwa bado anasoma, na kampuni ziko Nairobi. Ghali, ndiyo, lakini anatoka akiwa anajulikana.

Mama wa Mwanza

Kaka mtoa mada, ada usiidharau, sisi ndio tunaoilipa. Wakuu wa nchi walitangaza 2017 kwamba Jumuiya yetu ya Afrika Mashariki ni eneo moja la elimu ya juu. Nilielewa kwamba mtoto wangu atahesabiwa mwenyeji popote. Karatasi ya ada niliyoletewa na chuo kimoja ilikuwa na safu mbili, wenyeji kwa shilingi na wageni kwa dola, na sisi tulikuwa kwenye dola. Nilipouliza, nikaambiwa "hilo linashughulikiwa".

Halafu hamkumwambia mtu kuhusu barua ya kutokuwa na pingamizi ya TCU, Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, kwa anayekwenda kusoma nje. Ichukuliwe kabla ya safari, si mtoto akiwa mwaka wa tatu.

Binti yangu ana alama za udaktari. Nimpeleke wapi?

Mtoa mada

Dada, hapo kwenye safu mbili umenishika, sina jibu. Ushauri wangu: uliza ada kwa maandishi, na uulize kama itabaki hiyo hiyo hadi amalize.

Mkenya, Nairobi kwa kompyuta nakubali. Na wahandisi nitawalegezea kidogo, maana bodi za Kenya, Uganda na Tanzania zilisaini 2012 kutambuana. Ila soma vizuri: makubaliano yanamhusu mhandisi aliyekwisha kusajiliwa kwao. Mhitimu mpya mwenye shahada mkononi bado yuko foleni kama wengine.

Kwa binti: udaktari, abaki. Hospitali atakazojifunzia ndizo atakazofanyia kazi, na mgonjwa atamweleza maumivu yake kwa Kiswahili. Kampala atatumia mwaka wa kwanza kujifunza salamu za Kiganda.

Mama wa Mwanza

Asante kaka. Nimemsomea jibu lako. Amecheka, akaniambia udaktari nautaka mimi. Yeye tangu kidato cha tano anataka takwimu.