Kijana wangu wa fomu wani anasema hana akili

Mama Vitumbua: Habari zenu wazazi wenzangu. Mie nakaanga vitumbua hapa Makorora, Tanga, chuma cha mashimo saba, alfajiri nishawasha moto. Kijana wangu shule ya msingi hakutoka tatu bora. Januari kaingia kidato cha kwanza, jaribio la Biolojia kaleta 14 kwa mia. Karatasi nimeikuta mfukoni mwa suruali nafua, imekunjwa mpaka imekuwa kama kete. Namuuliza, ananijibu, "Mama, mie sina akili." Baba yake anasema nimemdekeza. Wifi naye kadakia: mama mwenyewe kutwa jikoni, atamfundisha nini? Hilo limenikaa rohoni kuliko hiyo 14. Mie niliishia la saba. Nifanyeje?

Mwalimu wa Pongwe: Akili anazo, mama. Miaka saba kasoma kwa Kiswahili, sasa karibu kila somo ni Kiingereza. Usanisinuru anaujua, mwandikie "photosynthesis" uone anavyotoa macho. Wengi huangushwa na neno la kuulizia tu, "state" au "outline", jibu analo kichwani. Jioni akueleze somo kwa Kiswahili. Ukimwelewa, basi kalijua. Kisha maneno matano kwenye daftari dogo, kila siku, yasizidi.

Baba K: Sisi tulichapwa na tukafaulu.

Binti wa Ngamiani: Na waliochapwa wakaacha shule, Baba K, umewahesabu? Mama yangu hakujua kusoma. Nikifanya hesabu anakaa kando anapepeta mchele, kimya. Nikisinzia ananigusa goti kwa ungo. Leo mie nesi. Huyo wifi mwulizeni: ada shule za serikali imefutwa tangu 2016, sawa, lakini daftari, sare na nauli ya daladala vinatoka wapi kama si kwenye hicho chuma?

Mama Vitumbua: Mwalimu, nimejaribu jana. Kanieleza seli huku nageuza vitumbua. Nikamwambia, kumbe kama hiki, nje ukuta, ndani kiini? Akasema hiyo ya mmea mama, ya mnyama haina ukuta. Akachukua kijiti cha kugeuzia, akanichorea zote mbili kwenye majivu. Tumecheka mpaka shimo zima limeungua. Hicho cheusi kakila mwenyewe.