Tupeane uzoefu: tawi la benki la zamani Mtwara na Lindi, na wahudumu unaowakumbuka

Mwana wa Keshia
Wakuu habari za leo. Mzee wangu alikuwa keshia hapa Mtwara mjini tangu miaka ya 80, benki naiacha jina. Juzi kaniuliza wale wenzake wako wapi nikakosa jibu, ndo nikaona tukusanye hadithi za watu hawa kabla hazijapotea.

Naanza mimi. Msimu wa korosho mzee tulikuwa hatumuoni, wateja wanatoka saa nane mchana lakini wao wanabaki ndani mpaka usiku, hesabu isipolingana na leja hakuna anayetoka, hata ikipungua noti moja. Mama ananituma na hotpoti nipeleke mlango wa nyuma, askari ananijua, ananipokea nasubiri pale kwenye ngazi mpaka chombo kirudi. Siku moja mzee alimzidishia hela mkulima wa Nanyamba, kaja nyumbani hajala, hajalala, mama naye macho makavu kwa sababu upungufu wa keshia unatoka kwenye mshahara wake. Kesho yake asubuhi kabla mlango haujafunguliwa yule mkulima amekaa pale nje na hela kaifunga kwenye kitambaa, karudi na lori la korosho usiku kucha, anasema mwanangu jana ulinipa na ya kwako. Mpaka leo mzee akimtaja yule baba sauti inabadilika.

Mama Newala
Asante kwa uzi huu kaka. Mama yangu alikuwa mwalimu huko vijijini Newala, mwisho wa mwezi walimu wanapanda mjini kuchukua mshahara, wengine kwa miguu. Kipindi hicho daraja la Mkapa pale Rufiji bado, lilifunguliwa 2003, kabla ya hapo ni pantoni, na masika ikichachamaa barabara ya Dar inakatika hata mwezi. Basi walimu wanafika dirishani wanaambiwa fedha bado, wanalala kwa ndugu siku mbili tatu. Mhasibu mmoja wa pale alikuwa anamwita mama pembeni anamwambia mwalimu usirudi kijijini, nimesikia gari liko njiani, kaa kwangu na watoto wangu. Mama alikaa. Watoto wa yule mhasibu mpaka leo tunaitana ndugu, harusi yangu walikuja wote.

Mzee wa Ligula
Vijana niwaongezee kitu ili mjue hao wazee walipitia nini. Ukisema benki enzi zetu ulikuwa unasema NBC, yaani Benki ya Taifa ya Biashara, iliundwa 1967 baada ya Azimio la Arusha, benki za wageni zikataifishwa. Halafu 1997 ikagawanywa, ikabaki NBC, ikazaliwa benki nyingine, NMB, iliyochukua matawi mengi ya wilayani. Jengo ni lile lile, kaunta ile ile, ila bango la nje limebadilika na sura uliyoizoea dirishani huikuti. Kuna dada alikuwa anajua namba ya akaunti yangu kwa kichwa, nilimkosa sana.

Shikamoo Bibi
Shikamooni wazee. Mi wa Tandahimba. Bibi yangu hajui kusoma, miaka yote alikuwa anauza korosho chama cha msingi, ule ushirika wa wakulima, analipwa mkononi, ikaja zamu ya kulipwa kwa akaunti, ikabidi aende benki akiwa na zaidi ya miaka 70. Mara ya kwanza dole gumba, na vidole vya mtu aliyelima maisha yake yote wino haushiki vizuri, karudishwa mara mbili, alilia. Kuna dada mmoja wa kaunta akamchorea herufi tatu kwenye kipande cha karatasi akamwambia bibi kaandike hizi kila siku mpaka mnada ujao wa korosho. Bibi akawa anaandika chini kwenye mchanga, kwa kijiti, sisi wajukuu tunamsimamia. Msimu wa 2018 ule ambao serikali ilitangaza itanunua korosho kwa 3,300 kwa kilo, hela zilichelewa sana kwa watu wengi na uhakiki ulikuwa mrefu, foleni unaijua mwenyewe, lakini bibi alipofika dirishani aliweka sahihi yake mwenyewe. Yule dada alisimama. Bibi akampelekea ming'oko, vile viazi vya porini, kikapu kizima wiki iliyofuata. Sasa hivi kahamishwa, bibi kila akiniona na simu ananiuliza umempata yule mwanangu wa benki.

Lindi Mjini
Sie tulikuwa na mlinzi mmoja, wajawazito na wazee anawatoa kwenye foleni anawaweka mbele, na hakuna mtu aliyewahi kunung'unika maana anawasalimia wote wa nyuma mmoja mmoja kuwaomba. Siku hizi naenda kwa wakala dukani, dakika mbili nimemaliza. Ile salamu siipati.

Mwana wa Keshia
Nimemsomea mzee yote haya leo jioni barazani, ya bibi wa Tandahimba kanirudisha nisome tena. Anasema huyo dada wa kaunta mtafuteni, kama alipita Mtwara mjini yeye anaweza akamjua kwa mwandiko, mwenye ile karatasi ya herufi tatu aipige picha. Na watu wa Nachingwea na Masasi mbona kimya, mzee anauliza wenzake wa huko.