Kura 7 kwa 5, lakini shamba limegawanyika

Katibu wa Hombolo
Mbukwenyi ndugu zangu. Naomba ushauri.

Tuko 12, tunalima zabibu Hombolo, Dodoma. Kila mtu ana mistari yake, ila pampu ni moja. Zabibu za huku zinavunwa mara mbili kwa mwaka, na siku ya kuvuna unaipanga siku unapopogoa. Mwezi wa nne tulibishana tangu asubuhi mpaka saa nane: tupogoe wote wiki moja ili mzigo ujaze lori, au kila mtu na wakati wake? Nilichoka. Nikasema tunyooshe mikono. Saba kwa watano, nikafunga daftari.

Wale watano wakapogoa wiki tatu baadaye. Sasa zetu zinaiva, tunataka maji yapunguzwe. Zao bado zinajaza punje. Lori litaondoka nusu tupu. Kinachoniuma zaidi, mmoja wao ni mama aliyenifundisha kushika mkasi. Siku hizi namwamkia, anaitikia akiwa ameshageuka.

Kwenye kundi la WhatsApp niliandika “asiyejibu amekubali”. Kimya. Tuendelee na kura, au tusubiri wote wakubali?

Fundi Pampu, Mpwapwa
Katibu, umetupa hesabu ya kura, sababu ya wale watano hujaitaja. Uliwauliza? Kura inafaa kumchagua mweka hazina. Kupogoa ni kazi ya mikono ya kila mtu, na asiyeridhika hatashika mkasi.

Mama Alizeti, Kibaigwa
Mwanangu, hiyo ya “asiyejibu amekubali” iache. Wengine bando limeisha, wengine wanaogopa kuandika mbele ya watu. Sisi tunamzungukia mmoja mmoja: “Kuna nini kitakachokuzuia kutekeleza?” Anayepinga anataja kizuizi, tunakitafutia dawa. Kikishindikana vikao viwili, ndipo kura. Na vitu kama dizeli ya pampu mpeni mtu mmoja aamue, msiviitie kikao.

Katibu wa Hombolo
Asanteni sana. Shikamoo mama. Jana jioni nilikwenda kwa yule mama. Kumbe wote watano wana mashamba ya uwele, na mwezi wa nne wanashinda huko kuamia ndege. Ukiondoka siku moja tu, kwelea kwelea wanamaliza. Akaniambia, “Hukuniuliza, ulinihesabu.” Sikuwa na jibu, nikamwomba radhi.

Jumamosi tunakaa tena. Nitapendekeza mwezi wa nne ujao sisi saba tugawane zamu kwenye uwele wao, ili nao wapate siku za kupogoa pamoja nasi. Safari hii nitaanza kwa kumsikiliza yeye, daftari nitalifungua baadaye.