MJADALA: Mtu akishaokoka, na deni la watu nalo limesamehewa?

Mtoa mada
Wadau habari za jioni. Naleta hii mada ila naomba tusitukanane, wapendwa najua mko wengi humu na msiosali pia karibuni.

Tulikuwa na kikoba (kikundi cha kuweka na kukopa) huku Mbagala, sanduku la chuma kufuli tatu, funguo kwa watu watatu tofauti kama mnavyojua utaratibu. Mhazini ndo alikuwa analaza sanduku kwake. Miezi ya mwisho kabla ya mgao akawa anapokea marejesho kwa simu, "mama fulani nimeiona, nitaiingiza kesho", siku ya mgao tunafungua kufuli zote tatu ndani kuna madaftari ya hisa, muhuri na vihela vya mfuko wa jamii basi. Milioni nne na ushee hamna. Mtu kahama, laini kazima.

Sasa kaibuka. Kaokoka. Na sisemi kwa kejeli, pombe kaacha kweli, anafunga, anaongoza maombi ya asubuhi kanisani kwao. Juzi kati katoa ushuhuda maiki mkononi, "nilikula hela za watu lakini Yesu amenifutia", kanisa zima haleluya. Wanachama wawili wa kikoba walikuwa humo humo ndani, mmoja wao mwaka ule alikopa ada ya mtoto kwa riba sababu mgao haukuja. Ibada ilipoisha wakamfata. Kawajibu kwa upole kabisa, wapendwa ya kale yamepita, msinirudishe Misri. Mchungaji naye akasema msimkwaze, bado mchanga kiroho.

Swali langu: Mungu akimbadilisha mtu anambadilisha mpaka wapi? Msimamo wangu nautaja mapema, kama hajamruhusu Mungu afike kwenye menyu ya kutuma pesa bado kuna chumba kakifunga. Karibuni.

Neema Tupu
Mtoa mada naelewa uchungu wako ila unachanganya mambo mawili. Wokovu haununuliwi. Yule mhalifu msalabani alirudisha nini? Alikufa na madeni yake yote na akaambiwa leo hii utakuwa pamoja nami peponi. Mkianza kumuwekea mtu masharti ya kulipa kwanza ndo tumwamini mnarudi kwenye matendo, na ndo maana watu wengi wameokoka miaka na bado wamechoka, kila siku wanajirekebisha wenyewe kwa nguvu zao, leo kaacha hiki kesho kadondoka na kile. Badiliko la ndani ni kazi ya Mungu, kazi yetu sisi ni kumpisha. Roho akimshuhudia atalipa, na atalipa kwa furaha, sio kwa kukabwa koo mlangoni mwa kanisa.

Sina Dini
Roho amshuhudie kabla ya shule kufunguliwa basi.

Neema Tupu
@Sina Dini nimecheka ila haisaidii.

Mjukuu wa Mlokole (Bukoba)
Ngoja niongee kirefu maana haya mambo mimi nimekulia ndani yake. Huku kwetu Buhaya uamsho uliingia miaka ya 1930 kuelekea 1940 ukitokea Uganda na Rwanda. Chimbuko lake mnalijua, Gahini kule Rwanda, hospitali ya misheni ya Kianglikana, daktari Mwingereza Joe Church na Mganda Simeoni Nsibambi walikutana Namirembe Kampala mwaka 1929 wakasoma Biblia na kuomba pamoja, wote wawili wamechoka na ukristo wa jina. Baadae ndugu yake Nsibambi, Blasio Kigozi, aliekuwa mwalimu Gahini, akawa anawahubiria viongozi wa kanisa wenyewe waamke, akafariki Januari 1936 bado kijana. Ndo moto ukasambaa.

Sasa sikilizeni alama ya mtu kuokoka kwa wale wazee ilikuwa nini. Haikuwa kunena kwa lugha wala suti. Ilikuwa kurudisha. Watu walibeba vitambaa wakavirudisha kwenye maduka ya Wahindi, wengine wakaenda boma kwa afisa wa serikali kusema hiki nilichukua, kodi hii sikulipa. Babu yangu alipeleka sululu idara ya barabara, na mzungu wa pale (hii bibi alikuwa anaisimulia kila Krismasi) hakujua aandike wapi maana kwenye vitabu vyake hakuna sululu iliyopotea. Babu akasema andika ilipotea. Na akaondoka mikono mitupu kwenda kulima kwa jembe bovu.

Hakuna aliemkaba. Neema Tupu hapo nakubaliana na wewe, ilikuwa kazi ya Mungu. Ila kwao kumpisha Mungu na kwenda dukani kwa Mhindi kilikuwa kitu kimoja, sio viwili. Zakayo Luka 19 hakuambiwa alipe, alisimama mwenyewe akasema nikimnyang'anya mtu namrudishia mara nne, ndipo Yesu akasema leo wokovu umefika nyumbani humu. Sasa huyu mhazini wenu kachukua ushuhuda wa walokole akaacha sululu nyumbani.

Mtoa mada
Hii ya sululu nitaiprinti.

Mchokonozi
Mjukuu umeongea vizuri ila usiuze upande mmoja. Hao hao walokole kutubu hadharani kuliwashinda sehemu nyingine, mtu anasimama anaungama uzinzi anataja na alietembea nae, ndoa ya watu inafia hapo hapo kwenye kikao. Ikafika hatua wengine kazi yao ni kukagua mwenzao kama kavunjika kweli au bado. Mwaka 1941 chuo cha theolojia cha Bishop Tucker pale Mukono kilifukuza wanafunzi 26 kwa mgogoro huo huo, William Nagenda akiwemo, wanaamka usiku kuomba na kuhubiri na kuwaambia walimu wao hawajaokoka. Unaweza sema wonevu ule, mi nasema pande zote zilikuwa na kiburi.

Alafu kubwa zaidi. Gahini iko Rwanda. Nchi ya uamsho, makanisa yamejaa. 1994 kwenye mauaji ya kimbari ikawaje? Watu walikimbilia Ntarama, Nyamata, Nyarubuye, ndani ya makanisa, na waliouawa humo waliuawa na watu wengine waliobatizwa kama wao. Naomba anaesema Mungu hubadilisha mtu mpaka ndani anijibu hapo bila kuzunguka.

Sina Dini
Hapo sasa.

Niko Kigali
Najibu mimi, sio kwa niaba ya Mungu ila nimeishi huku muda.

Kwanza wapo waliokataa, walokole na wasio walokole, wakaficha watu na wengine wakafa nao. Hilo msilifute. Ila ndio, wengi walikuwa wanakuja kanisani na ile kitu haikuguswa, ya huyu ni nani na yule ni nani. Watu walitubu sigara, walitubu pombe, chuki ya kabila haikuwa kwenye orodha ya dhambi. Mungu hakukaribishwa huko, mimi ndo jibu langu.

Alafu kuna Gacaca, zile mahakama za kijiji za kesi za 1994, watu wanakaa kwenye nyasi. Sheria ilipita 2001, majaribio 2002, nchi nzima 2005, zikafungwa Juni 2012, kesi karibu milioni mbili. Kule ukikiri unapunguziwa adhabu, lakini kukiri hakukuwa kusema "nilitenda dhambi Mungu amenisamehe". Uliulizwa ulifanya nini, ulikuwa na nani, mwili uko wapi. Wafungwa wengi waliokuwa wameokoka gerezani walikuja na ushuhuda mzuri na pale kwenye nyasi mama mjane anauliza swali moja tu, mume wangu mlimtupa wapi. Kuna walioonyesha. Kuna waliorudia mstari wa Biblia. Na kesi za mali, mabati ng'ombe vitanda, zilikuwa nyingi kuliko zote, zilitakiwa kulipwa au kupatana, na wengi hawakuwa na uwezo wakalipa kwa kulima shamba la waliemuibia, na wengine wakasamehewa na mwenyewe aliedhulumiwa. Angalia, MWENYEWE. Sio jirani, sio mchungaji.

Kwa iyo mtoa mada, mchungaji wenu kasamehe hela ambayo sio yake.

Wa Nakuru
Hiyo line ya mwisho imenimaliza. Huku kwetu kwa chama hiyo kitu ingeisha kwa chief mapema sana.

Mkatoliki Mtulivu
Sisi hili halina mjadala mrefu. Kwenye kitubio padri anakuondolea dhambi, ila madhara uliyoyafanya unatakiwa kuyarekebisha unavyoweza, ukiiba rudisha, ukichafua jina la mtu lisafishe. Katekisimu inasema wazi. Utekelezaji ni kitu kingine, siwadanganyi.

Msomaji wa Arusha
Mimi nina wasiwasi na pande zote mbili mnavyotaka mtu abadilike chap. Mnamkumbuka John Newton yule baharia Mwingereza? Alimlilia Mungu kwenye dhoruba Machi 1748 na maisha yake yote akawa anaikumbuka hiyo tarehe. Kilichofuata? Kuanzia 1750 mpaka 1754 akawa nahodha wa meli za watumwa. Anaomba juu, chini watu wamefungwa minyororo. Akaacha kwa ugonjwa, sio kwa dhamiri. Kijitabu chake cha kukiri kwamba ile biashara ni uovu kilitoka 1788, miaka arobaini tangu ile dhoruba. Sasa hapo utasema hakuokoka 1748? Au utasema Mungu alikuwa anafanya kazi taratibu? Mi siwezi kuamua, ila najua watumwa waliokuwa chini ya ile meli hiyo "taratibu" waliilipia wao.

Ndo maana Wafilipi 2 imeshika vyote, utimizeni wokovu wenu kwa kuogopa na kutetemeka, alafu hapo hapo, ndiye Mungu atendaye kazi ndani yenu kutaka kwenu na kutenda kwenu. Watu wananukuu nusu inayowafaa.

Neema Tupu
Msomaji umenipa kitu. Bado nasema asikabwe. Ila nakubali kwamba akiambiwa kwa upendo na kanisa lake sio kumkwaza. Paulo mwenyewe kwa Filemoni hakusema mtumwa wake Onesimo kaokoka deni limekufa, alisema kama anadaiwa niandikie mimi. Mchungaji angesema hivyo ningemuelewa zaidi.

Mtoa mada
Mchungaji kuandikiwa deni la kikoba? Nitampelekea huo mstari.

Mgeni humu
Samahani naingilia, langu linafanana. Mzee wangu kaokoka uzeeni. Zamani alisogeza mpaka wa minyaa akameza kipande cha shamba la jirani, jirani kashafariki. Sasa mzee anataka kurudisha, halali. Kaka zangu washajenga pale, wanamwambia baba umeshasamehewa tulia. Biblia inasemaje kama ulomdhulumu hayupo?

Mjukuu wa Mlokole (Bukoba)
Hesabu 5, aungame, arudishe kamili na aongeze sehemu ya tano. Mwenyewe akiwa hayupo anapewa jamaa yake wa karibu, na kama hana jamaa kabisa ndo inaenda kwa Bwana kupitia kuhani.

Sina Dini
Kuhani lazima awepo mahali.

Mjukuu wa Mlokole (Bukoba)
@Sina Dini soma tena, kuhani ni wa mwisho kabisa kwenye foleni. @Mgeni jirani aliacha watoto?

Mgeni humu
Wawili, wako Morogoro.

Niko Kigali
Basi wenye msamaha wapo. Wapigieni kabla ya kukaa kikao cha ukoo, maana kaka zako wakikaa kwanza watampangia mzee cha kusema. Kama wale watoto wanataka ardhi, au watachukua fidia, au watasamehe, waseme wao mbele ya baraza la ardhi la kijiji na iandikwe. Na mzee aende mwenyewe, mkodishieni gari.