Naomba ushauri: nimealikwa uzinduzi wa duka la nguo, nivae nini?

Wadau, habari za jioni. Mimi ni fundi cherehani, niko Makoroboi hapa Mwanza. Mteja wangu anafungua duka la nguo za kike Jumamosi usiku na amenipa kadi: zulia jekundu, wapiga picha, rangi nyeusi na dhahabu. Nimefurahi mno, maana baadhi ya magauni yatakayotundikwa mle nimeyashona mimi.

Nimeona gauni la satini jeusi madukani, zuri, ila bei imechangamka. Nyumbani nina kitenge cha yadi 6, cheusi chenye maua ya dhahabu. Nawaza kukitia bitana, kibane hadi magotini kisha kichanue chini, mabega wazi. Moyo wangu uko hapo. Dada yangu anasema nitaonekana naenda sendofu, wenzangu wote watakuwa kwenye satini.

Jingine, naruhusiwa kuwapa wageni namba yangu ya kazi, au nimwombe mwenye duka kwanza? Kumzunguka naona si heshima. Na bahasha je, inapelekwa kama harusini?

Mliowahi kuhudhuria shughuli hizi, nielekezeni tafadhali. Kesho asubuhi nataka kukata kitambaa.