Naandika tasnifu ya tabianchi na afya hapa Nairobi, hasara nipime wapi hasa?

msomi_wa_umoja

Mko aje wakubwa. Niko mwaka wa pili mastaz, uchumi wa afya, na nimekwama kwa proposo. Mada niliyopeleka ilikuwa athari za kiuchumi za mabadiliko ya tabianchi kwa afya ya wakazi wa Nairobi, supavaiza akanirudishia imejaa wino mwekundu akasema hiyo sio mada ni jina la kongamano, nipunguze.

Plani yangu ilikuwa hivi, nachukua joto na mvua ya kila mwezi kutoka stesheni ya Dagoretti Corner, nachukua wagonjwa wa kuhara, nimonia na malaria kutoka ule mfumo wa data wa wizara, KHIS, naangalia vile zinaenda pamoja alafu nazidisha na gharama ya matibabu, napata tunapoteza milioni ngapi kwa mwaka. Utangulizi nimeshaandika, nimeweka ile ya WHO ya vifo 250,000 zaidi kila mwaka kati ya 2030 na 2050, na ile ya asilimia 19 ya mapato ya dunia kupotea kufikia katikati ya karne.

Sasa nauliza, hii data inatosha ama nitachekwa siku ya kutetea? Na malaria niiache ndani? Sina hela ya kulipa wasaidizi, niko na kompyuta na nauli tu.

hesabu_ngumu

Ile ya asilimia 19 toa leo leo kabla supavaiza hajaiona. Hiyo ni karatasi ya Kotz, Levermann na Wenz, ilitoka Nature Aprili 2024, ikashangiliwa kila mahali, hadi ule mtandao wa benki kuu wa mambo ya tabianchi ukaitumia kwa makadirio yake. Baadaye wengine wakaifungua wakakuta data ya nchi moja tu, Uzbekistan ya miaka ya 1990, ndio inavuta matokeo. Ukiitoa hiyo nchi, hasara ya mwisho wa karne inashuka kutoka asilimia 62 hadi kama 23. Nature wakaiondoa rasmi Desemba 2025. Na usielewe vibaya, 23 bado ni balaa, haimaanishi tabianchi ni uongo. Inamaanisha ukinukuu namba bila kujua imepikwa aje, mtu wa kwanza kukuuliza swali atakumaliza.

Kama unataka za kuegemea anza na Dell, Jones na Olken ya 2012, walipata mwaka ukiwa na joto zaidi kwa digrii moja, ukuaji wa uchumi kwa nchi maskini unashuka kama pointi 1.3, na kwa nchi tajiri hawakuona kitu cha maana. Alafu Burke, Hsiang na Miguel 2015, wao wanasema uzalishaji unafika kilele mahali wastani wa joto wa mwaka ni kama digrii 13. Sasa jiulize Kenya iko wapi hapo, hata Nairobi yetu ya sweta iko juu ya hiyo. Huyo Miguel ndiye yule wa utafiti wa dawa za minyoo kwa watoto wa shule Busia kwa hivyo huku anakujua.

Lakini hizo zote ni za nchi nzima nzima. Haziwezi kukuambia fundi wa mjengo pale mtaa wa Pipeline amepoteza nini. Na hiyo hesabu yako ya wagonjwa mara gharama ya matibabu ni hasara ndogo kuliko zote, acha wengine wakuambie kwa nini.

co_wa_zamu_ya_usiku

Nitakuambia mimi. Ni klinikal ofisa, dispensari yetu iko upande wa viwandani, sitaitaja. Ile mvua ya Aprili na Mei 2024, Mathare na Mukuru watu wamebebwa na maji, nyumba zimeenda, ungedhani sisi tulijaa wagonjwa sindio? Wiki ile mbaya kabisa rejista yetu ilikuwa nyeupe. Njia ilikuwa mto, wafanyikazi nusu hawakufika, chumba cha dawa kiliingia maji, na mama ambaye anatoa matope kwa nyumba haachi vitu vyake nje aje kupanga laini kwa sababu mtoto anahara. Anatuma mtu kwa chemisti, ama anakoroga chumvi na sukari basi. Wagonjwa walikuja baadaye, wakiwa wamezidiwa, na wengine walikimbilia kwa ndugu zao kaunti zingine wakatibiwa huko.

Kwa hivyo ukichukua KHIS ya mwezi ule ukaweka kando ya mvua unaweza kupata eti mafuriko yanapunguza kuhara. Sikufanyii mzaha, kuna mwanafunzi alituletea grafu iko hivyo na amefurahi.

Kitu kingine, data ya KHIS ni ya mahali mtu ametibiwa, sio mahali anaishi. Na ongeza migomo. Daktari wakigoma mstari unaanguka na haina uhusiano wowote na mvua. Weka tarehe za migomo kwa modeli yako, 2024 peke yake madaktari waligoma kuanzia katikati ya Machi hadi mapema Mei, yaani imelala juu ya mafuriko kabisa.

Malaria toa, kwa Nairobi. Wengi tunaowapima wakiwa nayo wametoka kusafiri, magharibi ama kanda ya ziwa, hasa baada ya Krismasi na Pasaka. Utakuwa unapima ratiba ya mabasi.

mtu_wa_laisamis

Hapo kwa malaria naongeza kidogo. Kwetu Marsabit mwisho wa 2022 KEMRI, taasisi ya utafiti wa tiba, walipata mbu mgeni wa malaria, Anopheles stephensi, yule aliyeingia Djibouti 2012 malaria ikapanda kabisa. Huyu hangojei dimbwi la shambani, anataga kwa tangi, kwa ndoo, kwa pipa la mjengo, ni mbu wa mji. Sasa Nairobi kila ploti iko na tangi juu kwa sababu maji ni ya mgao. Sisemi amefika, nasema usiandike kwa tasnifu kwamba malaria haihusu Nairobi milele, andika tu kwa nini umeiacha.

Lakini shida yangu na wewe na wasomi wengi ni hii kupenda Nairobi. Ukame wa 2020 hadi 2023, misimu mitano ya mvua imefeli mfululizo, mifugo zaidi ya milioni 2 imekufa, watu zaidi ya milioni 4 wanahitaji chakula. Wanasayansi wa World Weather Attribution, wale wanapima tabianchi imechangia kiasi gani kwa janga, walisema tabianchi ilifanya ukame ule uwe na uwezekano mara 100 zaidi. Kwa ile mvua ya 2024 yenu ya Nairobi hao hao walisema iliongezwa nguvu kama asilimia 5, shida kubwa ilikuwa vile mji umejengwa. Kwa hivyo ukitaka mahali alama ya tabianchi inaonekana waziwazi panda basi la Moyale.

Na huko riserchi iko ya maana. Bima ya mifugo ya ILRI, taasisi ya utafiti wa mifugo, ilianza Marsabit 2010, satelaiti inaangalia majani, yakikauka kupita kiwango unalipwa. Waliofuatilia ule ukame wa 2011 walikuta familia zenye bima hazikuuza mifugo wala kukata milo sana kama zingine. Kukatwa milo ndio afya hiyo jamani, mtoto anadumaa hapo, na hakuna rejista ya hospitali imeandika "alikosa chakula cha mchana".

mama_wa_mitumba

Nimesoma yote nimeelewa kiasi. Mwanangu mimi nauza Gikomba na naishi Mukuru, wacha nikuambie hasara iko wapi kwa sababu mnaitafuta hospitali na haiko huko.

Februari nyumba ya mabati saa nane mchana huwezi kukaa ndani. Usiku ukuta bado ni moto, watoto wanalia, unafungua mlango unaogopa wezi, unafunga unakosa hewa. Unaamka umechoka, unafika soko saa nne badala ya saa kumi na mbili, belo nzuri zimefunguliwa wenzako wamechagua. Hiyo siku umepoteza na hakuna mahali umeandikwa mgonjwa. Alafu Julai inageuka, baridi, huyu mdogo wangu anakohoa anapumua kwa shida, hapo naacha biashara siku tatu nne nakaa naye. Dawa yenyewe si pesa nyingi. Ni zile siku. Na deni la chama ambalo halingoji mtoto apone, na stoki ambayo unakula mtaji.

Mvua ikija sisi hatusemi tabianchi, tunauliza mto umefika wapi. Ile ya juzi 2024 ilinichukulia marobota mawili na baada ya hapo serikali ikaja kubomoa walio karibu na mto, mita 30, sasa ukiniuliza hasara ya mafuriko na hasara ya tingatinga nitazitenganisha aje?

Ukija kuuliza watu huku usije na karatasi ndefu, na usije asubuhi.

hesabu_ngumu

@mama_wa_mitumba umemaliza tasnifu nzima hapo, shikamoo mama.

Msomi, angalia vile amesema. Kuna hasara ya matibabu, ndogo. Kuna siku ya kazi iliyokatika, kubwa. Kuna mtaji uliokulwa, hiyo inakufuata mwaka mzima. ILO, shirika la kazi duniani, 2019 walikadiria joto peke yake litakula asilimia 2.2 ya saa za kazi duniani kufikia 2030, na Lancet Countdown, ile ripoti ya kila mwaka ya afya na tabianchi, wakahesabu saa bilioni 512 zilizopotea 2023, lakini hizo ni saa za modeli, joto na unyevu na aina ya kazi, hakuna mtu ameulizwa umefungua saa ngapi leo. Ndio maana kazi ndogo kama yako ina nafasi. Zile za dunia nzima zinajua Nairobi ina joto kiasi gani kwa mraba mkubwa wa ramani, hazijui mabati.

Ambayo inanileta kwa Dagoretti. Kile kipimajoto kiko kwa nyasi na miti pembeni vile kanuni inataka. Kuna riserchi ilitoka 2017, waliweka vipimajoto ndani ya Kibera, Mathare na Mukuru, wakakuta huko ni joto zaidi ya Dagoretti kwa digrii kadhaa. Digrii kadhaa! Kwa mkataba wa tabianchi wa Paris watu wanapigana juu ya nusu digrii. Ukitumia Dagoretti utasema Nairobi haina shida ya joto na kweli Dagoretti haina.

Na usidharau baridi pia. APHRC, kituo cha utafiti wa afya hapa Nairobi, walianza kufuata watu wa Korogocho na Viwandani 2002, na uchambuzi wao wa 2012 ulionyesha joto likishuka vifo vya watoto wadogo vinapanda, mvua nayo ikiandamana na vifo vya nimonia. Inaendana na huyo mama na Julai yake. Kwa hivyo mtu akija na hadithi ya joto tu amesahau hii ni Nairobi, tuko juu kama mita 1,700.

Kitu cha mwisho, ukifika kwa vifo usiweke bei ya maisha ya mtu kwa kukopi kutoka Marekani ukagawanya na pato letu. IPCC, jopo la wanasayansi wa tabianchi la UN, waliwahi kuingia hapo 1995, uhai wa nchi maskini ukawekwa bei ya chini mara kumi au zaidi kuliko wa nchi tajiri, vita ikatokea na wajumbe wa India na wengine wakakataa kabisa. Hesabu siku za kazi, vifo viripoti kama vifo.

msomi_wa_umoja

Wueh. Asanteni sana, na shikamoo mama. @mtu_wa_laisamis nakuelewa na siwezi kubisha ila nauli yangu inafika Donholm.

Sasa nimepunguza hivi, siku na saa za kazi zinazopotea kwa wauzaji na vibarua wa Mukuru kwa sababu ya joto, baridi na mvua, wao wenyewe na pia wakiwa wanauguza mtoto. Nanunua vipimajoto vidogo vichache naweka ndani ya nyumba za mabati, nyingine naweka kwa nyumba ya mawe ploti jirani nilinganishe. Mvua natoa kwa CHIRPS, data ya mvua ya satelaiti, kwa sababu ni bure. Alafu kila jioni napigia watu simu swali moja mbili, leo ulifungua saa ngapi, kama hukufungua kwa nini. Tatizo naona mtu akiulizwa kila siku juu ya joto ataanza kulaumu joto kwa kila kitu.

co_wa_zamu_ya_usiku

Ndio usiulize juu ya joto hata siku moja. Uliza saa ya kufungua na kufunga na nani alikuwa mgonjwa nyumbani, basi, kipimajoto kitasema yake. Na piga jioni baada ya saa mbili watu wamefika. Mtafute pia mhudumu wa afya wa jamii wa eneo hilo, hawa wa serikali wa tangu 2023 wana simu na wanajua kila mlango, bila yeye utaonekana mtu wa landilodi.

CHIRPS ni mraba wa kama kilomita 5, Mukuru yote inaingia mmoja. Ya mvua inakutosha lakini haikuambii mtaro gani umeziba.

mama_wa_mitumba

Na uwatumie kredo. Mtu akikupa dakika zake kila siku mtumie hata ya ishirini.

hesabu_ngumu

Kredo iandike kwa bajeti ya proposo na uitaje kwa fomu ya idhini, kamati ya maadili watauliza kama unanunua majibu. Anza na hao wa maadili sasa hivi, kabla ya vipimajoto, kabla ya kila kitu, sababu NACOSTI, tume ya serikali ya utafiti, hawatakupa kibali cha riserchi ya afya bila barua yao, na usiweke kipima ndani ya nyumba ya mtu ukiwa huna hizo karatasi mbili mkononi.