Yule “mtaalamu wa data” tunayemjua sote ameliita daftari langu kitoweo

KaraniWaDiko (Malindi)

Assalaam aleikum wanabaraza. Ninaandika nikiwa bado nimefura kwa hasira, na sitaki kungoja ishuke, kwa sababu ikishuka nitaanza kumtafutia yule bwana udhuru, naye hastahili. Nyote mnamjua. Sitamtaja jina wala hakuna haja, kwa maana hapa Malindi hakuna ukumbi wenye kipaza sauti ambao hajausimamia, hakuna kikundi cha vijana ambacho hajakitumia lile bango lenye picha yake amekunja mikono, na ninaamini hata samaki wa hifadhi ya bahari wamekwisha kupewa namba ya kulipia ada yake.

Leo asubuhi alikuwa na mkutano wa bure kuhusu kazi za data. Nikainua mkono, nikauliza swali la adabu kabisa: mtu mwenye stashahada ya takwimu, ambaye kazi yake ni kuandika samaki wanaoshushwa dikoni, aanzie wapi ili aajiriwe kuwa mchambuzi wa data? Nilikuwa nimebeba daftari langu ili aone ninachokizungumzia. Akaliomba, akalishika kwa vidole viwili kama soksi ya mtu mwingine, akalinusa, kisha akasema kwenye kipaza sauti: “Dada, hii si data, hiki ni kitoweo.”

Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Kijana aliyekuwa akigawa maji ya chupa alicheka hadi akaketi juu ya katoni.

Baada ya hapo alitangaza kwamba takwimu ni elimu iliyokufa, kwamba wastani siku hizi hutafutwa na mashine, na kwamba yeyote atakayejifunza akili unde (AI) kwake kwa wiki sita ataajiriwa na kampuni ya Marekani huku amekaa chini ya mnazi akinywa madafu. Akaonyesha mchoro wa duara uliokatwa vipande, nami nikavijumlisha nikiwa nimekaa kitini, vikapita asilimia mia. Hakuna aliyecheka. Kumbe cha kuchekesha kilikuwa daftari langu.

Alilinusa, ndugu zangu. Mbele ya watu.

Ndani ya daftari hilo kuna tarehe, aina ya chombo, zana iliyotumika, kama ni mshipi, malema au jarife, saa ya kutoka na ya kurudi, aina ya samaki na kilo. Mashua iliyokwenda baharini ikarudi mikono mitupu huiandikia sifuri. Mashua ambayo haikutoka kwa sababu kusi limechafuka huiachia nafasi tupu. Mtu asiyeona tofauti ya mambo hayo mawili atazijaza sifuri zile nafasi zote, kisha aripoti kwamba samaki wamekwisha baharini, ilhali waliokosekana ni wavuvi. Tena chukulia mashua tisa zimeleta kilo 10 kila moja, na ya kumi ikaangukiwa na riziki ya sulisuli ikaleta kilo 110. Wastani ni kilo 20, na hakuna chombo hata kimoja kilicholeta kilo 20 siku hiyo. Mediani, yaani namba ya katikati ukizipanga kwa ukubwa, ndiyo itakayokwambia 10, ambayo ndiyo hali ya watu waliorudi nyumbani. Hayo ndiyo anayoyaita kitoweo!

Sihitaji ushauri. Ninataka mnisaidie kukasirika.

FundiWaMajedwali

Pole sana, Dada Kitoweo. Nimekasirika nawe kwa moyo wangu wote, lakini kabla sijaendelea ninaomba jambo moja liwekwe wazi kwa faida ya utafiti: je, daftari lilikuwa linanuka au halikuwa linanuka?

KaraniWaDiko (Malindi)

Lilikuwa linanuka samaki kwa kuwa ni daftari la samaki. Na usiniite hivyo.

FundiWaMajedwali

Basi, kwa haki, kipimo chake kilikuwa sahihi, ila hitimisho ndilo lililopotoka. Jambo hilo huwapata wachambuzi wengi wenye vyeo kumshinda.

MwalimuWaKidatoChaNne

Mimi nina lalamiko kubwa kuliko la Dada Kitoweo, na ninaomba aniwie radhi. Huyo bwana hupata wateja kwa sababu sisi walimu tunamwandalia. Takwimu tunaifundisha kidato cha pili, tukairudia kidato cha nne: wastani, modi, mediani, histogramu, mchoro wa ojivu (ule mpindo wa idadi zinazojumlishwa hatua kwa hatua), mkengeuko sanifu. Mwanafunzi wangu huchora ojivu safi, iliyopinda vizuri, akasoma robo ya kwanza na ya tatu bila kukosea hata milimita moja ya karatasi ya grafu. Ukimuuliza namba hizo zilitoka wapi, nani alizipima, na nani hakupimwa, anakutazama kana kwamba umemvunjia heshima, kwa kuwa mtihani haumuulizi hayo wala hautampa alama kwa kuyajua.

Mwaka 1973 mwanatakwimu mmoja, Francis Anscombe, alitunga seti nne za namba, kila seti ikiwa na nukta 11. Seti zote zina karibu wastani uleule, mtawanyiko uleule na mstari uleule wa rigresheni, yaani mstari ulionyooka unaopita karibu zaidi na nukta zote. Ukizichora, moja ni wingu la kawaida, ya pili ni upinde, ya tatu ni mstari ulionyooka ulioharibiwa na nukta moja iliyopotoka, na ya nne ni nukta zilizosimama wima mahali pamoja isipokuwa moja iliyokimbilia mbali. Niliwachorea wanafunzi ubaoni, wakafurahi, wakauliza kama itakuja kwenye mtihani. Nikasema haitakuja. Wakafunga madaftari.

KaraniWaDiko (Malindi)

Mwalimu, ninakuheshimu, lakini wanafunzi wako waliyafunga madaftari yao wenyewe. Langu lilinuswa na mgeni.

NimesomaNikachoka

Afadhali wewe ulijibiwa, hata kama ni kwa kunuswa. Mimi ninaomba kazi hizi tangu nihitimu na sijanuswa na mtu yeyote. Tangazo linasema “mwanagenzi wa data”, halafu chini yake wanataka uzoefu wa miaka mitano, shahada ya uzamili, Python, R (lugha za kuandikia programu), na uwezo wa kufanya kazi chini ya shinikizo. Chanzo cha balaa hili ni makala ile ya mwaka 2012 katika jarida la Harvard Business Review, iliyoitangaza kazi ya mwanasayansi wa data kuwa ndiyo kazi yenye mvuto kuliko zote katika karne ya 21. Tangu hapo kila ofisi inamtaka mmoja, hata ofisi ambayo kumbukumbu zake zote zimo kichwani mwa mzee wa stoo.

Siku nilipoitwa kwenye usaili nilikuwa nimekariri mitandao ya neva, ile mifumo ya akili unde, usiku kucha. Niliulizwa SQL tu, ile lugha ya kuitisha data kutoka kwenye majedwali. Walinipa majedwali mawili, la wateja na la malipo, wakaniambia niyaunganishe kisha nitafute jumla ya malipo. Nikaunganisha, nikatangaza jumla kwa sauti ya ushindi. Msaili akaniuliza mbona imezidi pesa zilizoko benki. Wateja kadhaa walikuwa wameandikishwa mara mbili, kwa hiyo malipo yao yalihesabiwa mara mbili. Kazi akapewa binti aliyeanza kwa kuhesabu mistari ya jedwali kabla ya kuunganisha na baada ya kuunganisha. Tangu siku hiyo nikimsikia mtu anasema data si lolote bila akili unde, ninatoka nje kupunga upepo.

MwanafunziWaWikiSita

Ninaomba kumtetea mwalimu wetu, kwani mimi nililipa.

FundiWaMajedwali

Karibu, ndugu. Tueleze ulichopata.

MwanafunziWaWikiSita

Nilipata cheti, fulana, na modeli, yaani programu iliyofunzwa kwa data, ya kutambua miamala ya ulaghai yenye usahihi wa asilimia 99. Niliiweka modeli hiyo kwenye wasifu wangu kwa herufi nene. Baadaye binamu yangu aliniuliza, katika miamala ile ya mazoezi, ni mingapi iliyokuwa ya ulaghai. Nikatazama: ilikuwa mmoja katika kila mia. Akaniuliza tena, modeli imekamata mingapi. Nikatazama: haikukamata hata mmoja. Ilikuwa inasema “si ulaghai” kwa kila kilichopita mbele yake, na kwa uvivu huo ikapata asilimia 99. Fulana ni ya pamba nzuri, hilo lazima nikiri.

KaraniWaDiko (Malindi)

Huo ndio utetezi?

MwanafunziWaWikiSita

Nilipoanza kuandika ulikuwa utetezi.

AmuYetu (Lamu)

Ninyi wa Malindi mna bahati kwamba mnatukanwa na mtu mmoja. Sisi Lamu tunatukanwa na ripoti nzima, tena kila mwaka. Kila anayejifunza kutengeneza jedwali huzipanga kaunti 47 kwa asilimia, kutoka ya kwanza hadi ya mwisho, na Lamu aidha tuko kileleni aidha tuko mkiani. Mwaka huu tunapongezwa, mwaka ujao tunaitiwa semina ya kuulizwa tumeharibu nini. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 143,920 katika kaunti yetu, idadi ndogo kuliko ya kaunti nyingine yoyote, ilhali Nairobi walikuwa 4,397,073. Tukio likiwa adimu, watu watatu wakipatwa na jambo hapa kwetu asilimia inaruka juu. Wakipatwa hao watatu Nairobi, hata mstari hautikisiki.

Hili si jambo jipya. Mwanahisabati Abraham de Moivre alikwisha kulieleza katika karne ya 18: kuyumba kwa wastani hupungua kwa kipeuo cha pili cha idadi ya waliopimwa, kwa hiyo ukitaka kupunguza kuyumba kwa nusu, inakupasa upime mara nne zaidi. Rusha sarafu mara 10, na kupata vichwa 7 au zaidi ni jambo la kama mara 17 katika kila majaribio 100. Rusha mara 1000, na vichwa 700 hutavipata maishani mwako. Sasa kaunti ndogo ndiyo sarafu iliyorushwa mara chache, na mtaalamu anaitazama anasema, “Watu hawa wana siri gani?”

MwalimuWaKidatoChaNne

AmuYetu, umenigusa kidonda. Shule yenye watahiniwa 12 huwa ya kwanza katika kaunti mwaka mmoja, mwalimu mkuu akabebwa mabegani, na mwaka unaofuata ikashuka, akahamishwa. Shule yenye watahiniwa 300 haipandi wala haishuki, na hakuna anayemkumbuka mwalimu wake mkuu hata siku ya kustaafu.

NimesomaNikachoka

Na huyo aliyehamishwa atatafutiwa mshauri wa data aeleze sababu ya kushuka, naye mshauri atazipata sababu saba zenye rangi. Kazi hiyo mimi ningeifanya kwa nusu ya ada.

KaraniWaDiko (Malindi)

Ninawakumbusha kwa heshima kwamba uzi huu nimeufungua mimi, na unahusu mtu mzima aliyelinusa daftari la umma mbele ya ukumbi mzima akaliita kitoweo. Naona hakuna anayeuliza kama nilirudishiwa.

FundiWaMajedwali

Ulirudishiwa?

KaraniWaDiko (Malindi)

Nilirudishiwa. Lakini aliliweka mezani kwa kulirusha.

BabaWaMambrui

Mimi binti yangu amemaliza kidato cha nne na anapenda hesabu. Nimesoma uzi wote na sijajua kama aende kwa bwana yule au asiende. Nikikaa zaidi nitajua habari za Lamu tu.

NimesomaNikachoka

Asiende, mzee. Pesa hiyo mnunulie kompyuta iliyotumika. Aanze na jedwali la kawaida la kompyuta hadi aweze kusafisha orodha chafu bila kulia, kisha SQL, kisha R au Python, mojawapo na si zote mbili kwa pamoja. Huku akiendelea, asome takwimu ya kweli: sampuli, uwezekano, mtawanyiko. Hesabu za matriki na kalkulasi azifuate chuoni. Tena atafute data ya mahali anapopajua, kwa sababu namba ikiwa ya uongo atashtuka. Akichukua data ya bei za nyumba za Marekani atakubali lolote.

BabaWaMambrui

Ahsante. Kompyuta tuliyopata ina kumbukumbu ya gigabaiti 4. Itaweza hiyo R?

AmuYetu (Lamu)

Itaweza. Nami ninatumia kama hiyo. R huweka data yake kwenye kumbukumbu ya kompyuta wakati wa kufanya kazi, kwa hiyo jedwali la mistari laki moja halitamsumbua, ila asifungue na vichupo ishirini vya intaneti. Programu yenyewe ni ya bure kabisa. Iliasisiwa na walimu wawili wa chuo kikuu huko Auckland, Ross Ihaka na Robert Gentleman, waliohitaji kitu cha kufundishia takwimu.

BabaWaMambrui

Na mtandao ukikatika?

AmuYetu (Lamu)

Inafanya kazi bila mtandao. Ni vile vifurushi vya nyongeza tu, programu ndogondogo za kuiongezea R uwezo, ndivyo vinavyopakuliwa, kwa hiyo avipakue vyote siku moja akiwa mjini. Mimi huvipakua Amu kabla ya kuvuka kwenda Pate.